Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: geuzeni vyuma vile

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu

YAH: VIFUNIKO VYA MFEREJI KATIKA NJIA YA BAISKELI, BARABARA YA HOSPITALI

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa kuwa masjala yako inataka barua zianze hivyo. Barua zangu zilizotangulia nazo zilianza hivyo hivyo, zikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, zikaenda zilikokwenda. Hii nimeamua isomwe na watu wengine kwanza. Wakimaliza, na wewe utaipata.

Barabara unaijua, sitaieleza. Njia ya pembeni iliyotengwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli unaijua zaidi yangu, maana ulipiga nayo picha siku ya uzinduzi. Nisichokuwa na hakika nacho ni kama uliwahi kuinama ukavitazama vifuniko vya chuma pale mfereji unapoikata njia hiyo, karibu na geti la hospitali. Nondo zake zimelazwa kufuata njia. Mtu akija na baiskeli, gurudumu lake na mwanya wa nondo vinaelekea upande mmoja. Nimevipima kwa futi kamba: mwanya ni sentimita 6. Tairi la baiskeli ya Phoenix, lile la inchi 28, lina upana wa kama sentimita 4. Hata yale manene ya baiskeli za milimani, mengi hayafiki hapo. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi, na inaelekea hakuna mhandisi aliyeifanya.

Mimi nilitumbukia wakati wa masika, maji yakiwa yamefunika vyuma, natoka sokoni. Gurudumu la mbele lilizama hadi kwenye spoku, nami nikaendelea na safari peke yangu. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika, nyonga ikapata ufa, feremu ya baiskeli ikakunjika, na nyanya za mboga zikaenda na maji. Mkono umepona, umepinda kidogo. Feremu imeuzwa chuma chakavu. Mjukuu niliyekuwa nikimbeba kwenye keria kwenda shule sasa anakwenda na bodaboda, watatu juu ya pikipiki moja. Hayo nayapita haraka, kwa kuwa siyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Nimeandika kwa sababu ya sindano.

Nina miaka 67 na nina kisukari cha aina ya pili, kilichogunduliwa nikiwa bado kazini. Miaka yote hiyo nilikidhibiti kwa vidonge, kwa chakula na kwa baiskeli. Sukari yangu ya asubuhi, kabla ya chai, ilikuwa 6, ikizidi sana 7. Nilipolazwa, kisha nikawa mtu wa kitandani, kisha mtu wa kigoda barazani, kisha mtu wa fimbo, sukari nayo ikawa inapanda ngazi. Ilipofika 13 na kukataa kushuka, daktari, kijana mwenye adabu niliyemfundisha kufunga dripu alipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, alinitazama akasema, "Mama, vidonge peke yake havitoshi tena." Sasa najidunga insulini kila usiku, tumboni, mbali kidogo na kitovu. Mimi niliyewadunga wengine maisha yangu yote ya kazi, nimezeekea kujidunga mwenyewe.

Utaniambia kisukari ni kisukari, kingefika huko siku moja. Pengine. Lakini nilikuwa muuguzi mkunga na nadhani ninajua ninachokisema. Msuli unapofanya kazi hufyonza sukari iliyo kwenye damu hata kama insulini ya mwili imelegea, na misuli mikubwa kuliko yote mwilini ni ya mapaja na makalio, ile ile inayosukuma pedeli. Ukishapumzika, faida hiyo hubaki mwilini kwa siku nzima na zaidi, kisha inayeyuka. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asizidishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Dawa ya namna hii haiwekwi akiba. Ukimwondoa mtu barabarani kwa miezi, umemnyang'anya dozi ya kila siku, na dozi iliyokosekana lazima itoke mahali pengine. Kwangu imetoka kwenye kichupa.

Na kwa nini baiskeli, kwa nini nisitembee tu? Magoti, Ndugu Mkurugenzi. Waulize wanawake wa umri wangu waliobeba maji kichwani na watoto mgongoni. Kwenye siti, uzito wangu unabebwa na chuma na magoti yanazunguka tu. Nilikuwa naweza kupiga pedeli nusu saa bila maumivu, lakini kutembea kutoka kwangu hadi sokoni kulinilazimu kukaa njiani. Nisiisifu baiskeli kupita kiasi: haiimarishi mifupa kama kutembea, na mwanamke akishakoma hedhi mifupa yake hupungua uimara. Kwa hiyo mwendesha baiskeli wa umri wangu anaweza kuwa na moyo mzuri na mapafu mazuri juu ya mifupa isiyosamehe. Kuendesha anaweza. Kuanguka ndiko hawezi. Mtu anayejenga njia ya baiskeli katika mji wenye wazee angetakiwa kulijua hilo kabla hajaagiza nondo.

Kinachoniuma zaidi ni bango. Hatua chache kutoka kwenye vyuma vile, idara ya afya ya Halmashauri hiyo hiyo imesimamisha bango kubwa la kutuhimiza tufanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki. Ushauri huo ni sahihi. Ndio wa Shirika la Afya Duniani, dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa mtu mzima, na sisi wa miaka 65 na zaidi tumeambiwa tuongeze mazoezi ya kujiweka sawa tusianguke. Katika bango amechorwa mzee mwenye mvi anaendesha baiskeli huku anacheka. Huyo ndiye mwendesha baiskeli pekee wa mji huu anayepita pale kwa usalama, kwa kuwa hasogei. Idara moja inaniambia nipande, idara nyingine imenitegea mtego, na zote mbili zinakusanya posho za vikao katika ukumbi mmoja. Mimi najidunga sindano.

Sasa nikueleze nilivyohudumiwa. Nilipofika ofisini kwako na plasta mkononi, kijana mmoja wa masjala alinikaribisha kiti, jambo jema, kisha akaniuliza, "Bibi, kwa umri huo baiskeli ya nini? Si upande boda?" Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuonana na mhandisi. Mhandisi alisema barabara si ya Halmashauri, ni ya wakala wa barabara. Wakala wakasema barabara ni yao ila mfereji ulikuwa sehemu ya mradi uliojenga njia ile. Mtu wa mradi, nilipompata kwa simu, alisema mradi umefungwa na kipindi cha matazamio, ule muda ambao mkandarasi huwajibika kurekebisha kasoro, kimepita. Mkandarasi yuko mkoa mwingine anajenga, nadhani, mfereji mwingine. Hata askari wa usalama barabarani, aliyekuwa mpole, hakuwa na pa kuniandika. Aliniuliza, "Mama, uligongana na nani?" Nikamwambia, na Halmashauri. Alicheka, akafunga daftari. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani huua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Mimi simo humo, kwa kuwa sikufa. Simo kwenye daftari la askari, kwa kuwa hapakuwa na gari. Mahali pekee nilipoandikwa ni kwenye kadi ya kliniki ya kisukari.

Jibu la maandishi lilikuja hatimaye. Aya moja. Lilinipa pole, likanikumbusha umuhimu wa kuvaa kofia ngumu na viakisi mwanga, na kunijulisha kwamba Halmashauri "inaendelea kutoa elimu kwa watumiaji wa barabara".

Kofia ngumu ni kitu kizuri. Nimepokea wodini vichwa vya vijana wa bodaboda, sihitaji semina. Lakini sikuangukia kichwa, niliangukia nyonga, na kofia ya nyonga bado haijaingia madukani. Mmegeuza kofia kuwa jibu la kila swali: njia imezibwa, vaa kofia, taa za barabarani haziwaki, vaa kofia, nondo zimelazwa kinyume, bibi, kofia yako ilikuwa wapi? Kila tarehe 3 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, tunagawiwa fulana na maneno. Fulana ninayo. Nailalia.

Lakini kwa kuwa ofisi yako imeamua kwamba tatizo ni vifaa, tuzungumze vifaa, maana hapo unazungumza na mtu aliyepanda baiskeli kabla hujaanza shule. Mwaka 1981, nilipopangiwa zahanati ya kijijini, nilikabidhiwa Swala, moja ya baiskeli zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa nchini. Ilikuwa ya kiume, ina bomba la juu, nami na sketi yangu ya sare. Wazee wa kijiji walinung'unika kwamba haifai mwanamke kupanda kitu kile. Walinung'unika mpaka usiku wa kwanza mke wa mmoja wao aliposhikwa na uchungu upande wa pili wa bonde, nikafika na mkoba wa uzazi kwenye keria kabla ya mtoto. Baada ya hapo wao ndio waliokuwa wakinijazia upepo. Nilipita makorongo, nilipita mchanga, nilipita daraja la magogo mawili. Nimesubiri kufika mjini, kwenye lami, kwenye njia iliyochorwa alama ya baiskeli kwa rangi nyeupe, ndipo nivunjike.

Basi ushauri wangu wa vifaa, kwa wenzangu wazee na si kwako, ni huu. Achaneni na feremu ya bomba la juu. Kurusha mguu nyuma ya siti ndiko kunakoangusha wengi wetu, hata baiskeli ikiwa imesimama. Zile za Kijapani za mtumba, zenye feremu ya kuinama, kikapu mbele na taa ya dynamo, ndizo zinazotufaa, na siti ishushwe mpaka nyayo zikanyage chini. Phoenix ni imara lakini breki zake za fimbo zikilowa raba huteleza juu ya rimu, kwa hiyo mvua ikinyesha anza kushika breki mapema. Kengele iwe inalia. Kioo kidogo kwenye usukani kinasaidia shingo isiyogeuka vizuri. Hayo yote niliyafuata, ila tairi za Kijapani ni nyembamba hata kuliko za Phoenix, na kwa mwanya wa sentimita 6 hakuna kengele inayosaidia.

Utasema nchi ina mambo makubwa kuliko nondo. Nimesikia. Lakini miji mingine inahangaika na jambo hili hili na haioni haya. Kigali walianza siku ya bila magari mwaka 2016, barabara zinafungwa, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli, na pembeni wauguzi wanawapima sukari na presha bure. Niliposoma hilo nilitabasamu peke yangu: kumbe kuna mahali idara ya barabara na idara ya afya zinafahamiana kwa majina. Nairobi mwaka 2015 waliandika sera inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea kwa miguu na baiskeli. Utekelezaji waulizwe wenyewe, ila angalau kuna karatasi ya kuwadai. Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018 kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, na mradi ule ulikuja na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Nenda leo uone nani anazitumia. Bodaboda na biashara. Yaani hata tuzo haitoshi. Lazima awepo mtu anayeiangalia njia baada ya picha kupigwa.

Ya kwetu ina vyuma, ina nguzo ya umeme katikati, ina kijiwe cha bodaboda na vibanda vya miamala ya simu. Vijana hao siwalaumu, hamkuwatengea mahali, wakaona pametengwa mahali ambapo hapana mtu. Na hapana mtu kwa sababu gani? Kwa sababu ya vyuma. Jirani yangu, fundi sanifu mstaafu wa ujenzi, amenieleza kwamba hatari ya nondo za kufuata njia si siri ya kitaalamu. Serikali ya Marekani ilivifanyia majaribio vifuniko vya aina hii kwa ajili ya baiskeli na kutoa ripoti mwaka 1977. Mwaka huo nilikuwa bado shuleni. Kwa hiyo kosa hili lina umri mkubwa kuliko baadhi ya wakuu wako wa idara, na bado limeletwa kwetu likiwa jipya, limepakwa rangi.

Ninavyoona mimi, njia ile haikujengwa ili ipitwe. Ilijengwa kwa sababu andiko la mradi lilitaka iwepo, ikakaguliwa kwa sababu fomu ilitaka ikaguliwe, ikazinduliwa kwa sababu mgeni rasmi alikuwa njiani. Waliokuja kukagua walikuja na magari. Angekuja mmoja tu na baiskeli, angepita mara moja tu, tungekutana wodini na barua hii isingehitajika. Kukata utepe kabla hamjaupita mfereji ni sawa na kumruhusu mzazi aende nyumbani kabla kondo la nyuma halijatoka: watu wanapiga vigelegele na mama anavuja damu. Kwenye kazi yangu mtu akifanya hivyo ananyang'anywa leseni. Kwenye kazi yenu anahamishiwa mji mwingine.

Na ni hivyo hivyo kwa mambo mengi ya wazee wa mji huu. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003. Dirisha la wazee lipo hospitalini, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Lakini ili nilifikie dirisha hilo nilipie bodaboda kwenda na kurudi kutoka kwenye pensheni, nipande kiti kirefu kwa nyonga yenye ufa, nimshike kiuno kijana anayepita kulia kwa lori. Foleni tumeondolewa, njia ya kufika kwenye foleni mmeichimba. Nyumbani kwangu insulini naihifadhi kwenye chungu chenye maji kibarazani, kwa kuwa friji sina na la jirani hulala umeme ukikatika. Vijiti vya kupimia sukari vikiisha nakisia. Muuguzi mzima, nakisia.

Siombi fidia. Mwanangu wa kwanza anataka twende mahakamani. Nimemkataza kwa sasa, ingawa nimemwambia ayatunze majibu yako yote, na kwa kuwa ni aya moja hayatampa shida. Siombi pia uniitie kikao cha wadau chenye maji ya chupa.

Ninachodai ni vifuniko vigeuzwe. Ni vya mraba, Ndugu Mkurugenzi. Pande zote nne zinalingana. Fundi wa kuchomelea mwenye banda mkabala na geti la hospitali, aliyesaidia kuninyanyua siku ile, ameshavitazama. Vimechomelewa kwenye fremu kwa kuogopa wezi wa chuma chakavu. Anasema unakata pale kwenye chomeo, unanyanyua, unazungusha robo, unarudisha palepale, unachomelea tena. Nondo zinaikata njia badala ya kuifuata, maji yanapita kama kawaida, gurudumu linapita juu. Kazi ya asubuhi moja, na hakuna chuma hata kimoja cha kununua. Amesema atafanya kwa bei ya umeme na vijiti vya kuchomelea, ila anaogopa kukamatwa kwa kuharibu miundombinu ya umma. Anahitaji karatasi yenye sahihi yako. Hicho ndicho kitu pekee ambacho mimi, yeye, mwanangu, askari yule mpole na watu wote wa mtaa wetu hatuwezi kukitengeneza wenyewe.

Nguzo na vijiwe ni mazungumzo mengine, nayo yaje. Vyuma viwe kabla ya vuli. Daktari ameniambia nyonga ikikubali nitajaribu tena siti, nikianza na uwanja wa shule, na kwamba kuna wagonjwa ambao mazoezi yakirudi dozi hupungua, mmoja mmoja hata huacha. Ningependa kujaribu kuwa mmoja wao. Mpaka hapo, kila siku saa tatu usiku, wewe ukitazama taarifa ya habari, mimi nafunua tumbo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi Mkunga Mstaafu,
mkazi na mlipa kodi wa mji huu.

Nakala:
Mhandisi wa Halmashauri, kwa utekelezaji.
Mganga Mkuu, aje atazame bango lake na kilicho mbele yake.
Diwani wa Kata, kwa taarifa, kama ilivyo kawaida yake.
Fundi wa kuchomelea, mkabala na geti la hospitali: usiuze mashine, karatasi inakuja.